Kengele Waliyoirudisha Angani

Hombolo, 4 Januari 1994

Anthony, wewe ni katekista au dalali? Mtu mzima mwenye ndevu, unaletewa kengele inayong'aa kwenye gari, nawe unaishusha ile yetu mtini kwa mikono yako mwenyewe, unamkabidhi mgeni, na juu ya hayo unamshukuru! Hukuuliza mtu. Nilikuwa kwenye mizabibu yangu napalilia, umbali wa kuitwa kwa sauti, hukuniita. Nimekwambia haya mchana mbele ya kigango kizima, na sasa nayaandika ili kesho nisije nikalainika. Ile sahani ya chuma iliyokuwa kengele yetu aliileta mwanangu Sila. Haikuwa yako kuitoa.

Huyo mgeni ni Bwana Optatus. Ana ndege ya kukodisha mjini Dodoma, na Sila ndiye fundi wake tangu shirika la ndege la serikali lilipompunguza kazini. Amesema kampuni yake inathamini huduma za kiroho. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikauliza, mwenye ndege anatafuta nini kwenye chuma chakavu hata atoe kengele ya shaba? Anthony akanijibu, "Mama Sila, huo ni wivu."

Wivu! Mimi Paskazia, niliyefuta ujinga mwaka sabini na tano na cheti ninacho!

5 Januari

Mvua.

6 Januari

Mvua. Nguzo tatu za mizabibu zimelala. Nimezisimamisha peke yangu, maana vijana wa hapa wanajua kusimama wao tu.

9 Januari, Jumapili

Wamepiga kengele mpya. Inalia kama ya baiskeli. Ile yetu ilikuwa na ukubwa wa sahani ya kulia mtu mmoja, nene katikati, na pembeni imezungukwa na vijino. Tuliining'iniza kwa waya, tukaipiga kwa boliti ya trekta asubuhi na jioni kwa miaka miwili. Sauti yake ilivuka bwawa, na ukishapiga ilikaa hewani mpaka ufike mlangoni mwa kanisa. Mara nyingi mpigaji nilikuwa mimi, kwa sababu Anthony huchelewa.

Baada ya ibada wakaniuliza kama naumwa. Nikawaambia naumwa na wao.

12 Januari

Ukungu umeingia kwenye zabibu. Nimepulizia salfa. Macho yanawasha.

17 Januari

Yasinta amekuja, mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu Emilia. Nimemlea tangu ananyonya, sasa ni muuguzi. Tangu mwezi wa kumi na moja anafanya kazi na kliniki ya ndege. Vijiji vilivyokatwa na mito, gari haliwezi kufika, wao wanashuka na masanduku ya chanjo yenye barafu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbona umekonda? Huko juu hawapiki?"

Akacheka. Akasema mvua hii imewapa kazi, surua imeingia bondeni, na siku nyingine wanatua mara sita kwa siku, kwenye viwanja vya mpira, ng'ombe wakifukuzwa kwanza. Nikamwuliza hiyo ndege ya nani. Akasema ya Bwana Optatus.

"Ina injini ngapi?"

"Moja, bibi. Usiniangalie hivyo. Mjomba Sila ndiye anayeitengeneza. Sasa niogope nini?"

Nikampa karanga na boga. Amepata lifti kwenye lori la chuo lililokuwa linarudi mjini. Alipoondoka nilibaki uani na ungo mkononi, sikupepeta. Mwenye ndege. Chuma. Mwanangu fundi. Mjukuu wangu ndani. Mambo manne, nayageuzageuza hayakai pamoja, na hayataki kuondoka.

18 Januari

Ndege imepita juu ya bwawa saa mbili asubuhi. Imerudi saa kumi. Zamani sikuwa nainua kichwa.

19 Januari

Imepita. Imerudi.

20 Januari

Imepita. Imerudi. Mvua kubwa.

21 Januari

Imepita. Imechelewa kurudi. Nilisimama na jembe mpaka jirani akaniuliza kama nimeona nyoka.

24 Januari

Imepita mara mbili. Surua haipoi. Nimegombana na Anthony kuhusu kengele, kisha kuhusu ufagio. Ufagio hauna kosa lolote, nakubali.

2 Februari

Sila amekuja bila taarifa, katikati ya wiki. Alama ya kwanza. Hakula, na nilipika mlenda na ugali wa uwele anaoupenda tangu utotoni. Alama ya pili. Ya tatu ndiyo iliyonishtua: kutoka barabarani hadi kwangu njia inapita mbele ya kanisa, naye amezunguka kwa makaburini, kwenye matope, viatu vimeharibika.

Nimemwuliza. Amesema amechoka. Mtu aliyechoka huenda kulala. Yeye anazunguka nyumba kama kuku anayetaka kutaga.

3 Februari

Leo naandika mengi, na mkono unauma.

Asubuhi nilimweka Sila kwenye kigoda nikamsimamia. Nikamwambia, "Mimi mama yako. Umezaliwa kwenye chumba hicho hapo nyuma yako. Sema." Akaanza kunieleza mambo ya injini. Nikamkatiza, nikasema nieleze kama unamweleza mtu mwenye akili asiyejua kazi yako. Basi akaeleza.

Ndani ya injini ya ndege ile mna sahani yenye mapanga madogo yaliyochomekwa pembeni, kwenye vile vijino. Moto unapita hapo, sahani inazunguka. Inazunguka mara zaidi ya elfu thelathini kwa dakika moja. Nikamwambia rudia, akarudia. Sahani hiyo ina umri wake, na umri wake hauhesabiwi kwa miaka. Ukiwasha injini, ukapaa, ukatua, ukazima, umehesabu moja. Ukifanya hivyo mara sita kwa siku, umehesabu sita. Waliotengeneza injini wameandika idadi. Ikitimia, inatolewa.

"Hata kama ni nzima?"

"Mama, hapo ndipo watu wanapokosea. Haichoki kwa nje. Unaitazama inang'aa, unaipima iko sawasawa, kumbe ndani imeanza kupasuka kidogo, mahali usipopaona. Siku ikigawanyika, hakuna bati la injini la kuizuia. Inatoka kama shoka. Kwa hiyo hatungoji dalili. Idadi imetimia, itoke."

"Ikishatoka?"

Akainamisha kichwa. "Ikishatoka inakatwa. Ni amri. Inakatwa vipande, namba yake inaandikwa kwenye kitabu kwamba imekufa, ili mtu yeyote asije akaisafisha akairudisha."

Hapo nikakaa chini, kwenye vumbi la mahindi.

Kwa sababu nakumbuka. Ilikuwa Pasaka, mwaka juzi. Sila alikuwa bado fundi wa lile shirika, alikuja likizo na ile sahani kwenye begi, imefungwa gazeti. Akasema imemaliza umri, anaipeleka mjini, Majengo, kwa fundi mwenye mashine ya kukatia chuma. Nikaigonga na mwiko. Ikalia. Kanisa halikuwa na kengele, ile rimu ya gari tuliyokuwa tukiipiga ilikuwa imeibwa. Nikamwambia, "Usiikate." Akasema, "Mama, amri." Nikamwambia, "Amri ya nani iliyo kubwa kuliko ya Mungu? Mpe Mungu." Hayo ni maneno yangu, nimeyaandika kama nilivyoyasema. Alirudi kazini akaandika kitabuni kwamba imekatwa.

Sasa shirika limekwisha, na ndege ya Optatus ni ya aina ile ile. Desemba sahani iliyokuwamo ilitimiza idadi. Mpya inatoka Ulaya, inachukua miezi, na kliniki ya mvua hii haingoji. Mkaguzi wa ndege wa serikali anaijua namba ya ile iliyotimiza, haiwezekani kuiacha humo. Siku moja wakiwa bandani wanakunywa chai, Sila akaropoka kwa utani, kwamba sahani kama hii kwao inawaita watu kusali. Optatus hakucheka. Baada ya wiki akaja na kengele ya shaba. Baada ya siku tatu akaja na karatasi, mpya, zenye mihuri, zinazosema sahani yetu imetoka kwenye injini nyingine na imebakiza nusu ya umri.

"Na aliyeifunga ni nani?"

"Mimi, mama."

"Unajua ilivyopigwa na boliti miaka miwili?"

"Nilisugua alama zote kwa msasa. Moja haikutoka."

Nilimpiga kofi. Ana miaka arobaini na moja. Hakulikwepa.

Kisha nikamwambia aende kwa mkaguzi. Akasema mkaguzi yuko Dar es Salaam, na akisema tu leseni imekwenda, watoto wake wanne watakula nini, kazi zenyewe hizi serikali imezitapika zote. Tena ataulizwa ilikuwaje sahani iliyoandikwa imekatwa ikawa nzima. Nikafungua mdomo nimtukane kwa woga wake. Nikaufunga. Kwa sababu jibu la swali hilo ni mimi.

Ameondoka saa saba. Amepita kwa makaburini tena.

4 Februari

Imepita. Imerudi. Sikuenda mjini, korongo limejaa.

5 Februari

Imepita. Imerudi. Sikuenda. Nimepulizia salfa.

7 Februari

Imepita. Imerudi. Korongo limepungua. Sikuenda.

8 Februari

Nimekaa kwenye kamati ya maji miaka kumi na miwili, mwenyekiti mimi. Kisima chetu kina kamba, na kila Juni tunanunua mpya, ya zamani iwe nzima isiwe nzima. Ilikuwa hatufanyi hivyo mpaka kamba ilipomwangusha fundi aliyeshushwa kuondoa tope, baba wa watoto watano. Kamba yenyewe ilikuwa imeshatolewa, mtu akairudisha kwa siri kwa sababu mpya alifungia fahali. Tangu hapo nikaweka sheria: kamba ikitolewa inakatwa mbele ya kamati, urefu wa mkono mmoja mmoja, ndipo watu wagawane za kufungia mbuzi. Nimewatoza watu faini kwa sheria hiyo. Nimemtoza hata mke wa balozi wa nyumba kumi.

Na ya mwanangu, yenye amri kama yangu neno kwa neno, nikaigonga na mwiko nikaona inalia vizuri.

Imepita. Imerudi.

10 Februari

Imepita. Imerudi. Nimepanda kitandani na kushuka mara nyingi mchana huu bila kulala. Nikienda nikasema, kijiji kizima kitajua kwamba Paskazia ndiye. Anthony atajua. Nimeandika hivyo na ndiyo sababu ya kweli. Korongo halina neno.

13 Februari, Jumapili

Imepita saa moja na nusu. Haijarudi. Ni saa kumi na mbili jioni na wingu limekaa hadi chini, milima haionekani.

14 Februari

Sikungoja kupambazuke vizuri. Nilipotoka nimefunga khanga kiunoni, Anthony alikuwa anakwenda kupiga kengele yake. Akaniuliza nakwenda wapi na mvua hii. Nikamwambia yote, pale pale njiani, tumesimama, bila kupunguza. Ya mwiko pia. Nilingoja anicheke. Nastahili kuchekwa mwaka mzima.

Akasema, "Mbona ni mimi niliyemkabidhi?" Akaingia kanisani, akatoka bila kupiga kengele, ameshika mwavuli. "Twende, Mama Sila. Korongo peke yako hulivuki."

Korongoni alibeba viatu vyangu shingoni na kunishika mkono. Maji yalifika kiunoni. Katikati nikamwambia anatembea kama mbuni, akasema nikiendelea ataniachia. Nimemtukana mtu huyu miaka ishirini. Ni mchelewaji, ni mpenda sifa, na jiwe likiteleza anasimama. Nayaandika yote matatu.

Tulipata lori la chumvi, tukaingia mjini saa nane. Chumba cha Yasinta kiko Majengo, nyuma ya wauza nafaka. Nilibisha hodi. Akafungua yeye mwenyewe, nywele nusu zimesukwa. Walilala bondeni kwa sababu ya wingu, wakarudi leo asubuhi. Nilikaa kwenye ndoo yake iliyogeuzwa. Anthony akasema kwa niaba yangu, kisha nikamnyamazisha nikasema mwenyewe.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, jana tumezika wawili. Surua. Kesho tuna vijiji vitatu, watoto zaidi ya mia. Unataka niwaambie nini?"

"Waambie unakuja kwa miguu."

"Ni siku mbili kwa miguu!"

"Na mkipasukia angani ni siku ngapi?"

Akalia, akanikasirikia, akasema nimejua tangu tarehe tatu na leo ni kumi na nne. Amehesabu, amekuwa angani karibu kila siku kati ya hizo. Nikamwambia hesabu yake ni sahihi.

Mwisho akasema, "Mimi nikikataa kupanda, atapandishwa mwenzangu. Anayeweza kukataa ni rubani. Ni yeye peke yake, anasaini kila asubuhi."

15 Februari, uwanja wa ndege

Naandika nimekaa juu ya tairi nje ya banda la ndege, saa tano asubuhi, wengine wanapiga simu.

Tulifika saa kumi na mbili na nusu. Mlinzi alituuliza tunamtaka nani, nikamwambia mwanangu, na asiponifungulia nitakaa hapo hapo getini niimbe. Akafungua. Ndege ilikuwa imeshatolewa nje, nyeupe, panga lake mbele. Nimeiona ikiwa chini kwa mara ya kwanza. Ni ndogo kuliko lori la chumvi. Nilichukua kigoda cha mafundi nikakiweka mbele ya panga, nikakaa.

Sila akatoka bandani na kitambaa mkononi. Aliponiona akasimama kama aliyepigiliwa misumari.

Rubani akaja, kijana wa Bukoba anayeitwa Erick, shati limepigwa pasi. "Shikamoo bibi. Hapo ni hatari, naomba nikusogeze."

"Marahaba. Hatari iko nyuma yangu, si hapa nilipo. Huruki leo."

Akatabasamu, akamwangalia Yasinta. Yasinta hakutabasamu. Ndipo nikamweleza: sahani iliyomo ndani ilikuwa kengele ya kigango cha Hombolo, niliipiga mimi kwa boliti ya trekta, asubuhi na jioni. Umri wake uliisha mwaka juzi. Karatasi zake ni za uongo. "Kwenye uso mmoja, karibu na vijino, kuna kovu kubwa kama kucha ya kidole gumba. Fungueni mtazame. Lisipokuwapo, nipelekeni Mirembe kwa wagonjwa wa akili."

Gari la Optatus likaingia. Akashuka anauliza kelele za nini, ndege ilitakiwa iwe imeondoka. Akasema mimi ni mama mzee niliyechanganyikiwa, nihurumiwe. Akamgeukia Sila, akiwa na uhakika wake, akasema, "Fundi, mwambie rubani. Karatasi ziko sawa au haziko sawa?"

Sila alitazama karatasi, akatazama kitambaa. Sikumsaidia. Nilitamani nimsaidie mpaka meno yanauma.

"Kovu lipo," akasema. "Nimelisugua na msasa, lakini lipo. Sahani ile ilitakiwa kukatwa. Sikuikata."

Erick hakuuliza jingine. Alipanda ngazi, akashuka na mkoba wake na funguo, akasema, "Mimi siirushi, na leo hairushwi na mtu." Optatus akampandishia sauti, akamwambia kuhusu mkataba, akamwambia marubani wamejaa Dar es Salaam hawana kazi. Erick akasema basi aite mmoja na amweleze kwanza habari ya kengele. Sasa yuko ofisini kwenye simu anamtafuta mkaguzi. Optatus yuko garini kwake, amefunga vioo.

Yasinta amekaa juu ya sanduku la chanjo. Barafu ya chanjo itadumu mpaka kesho jioni, haivuki hapo. Hajanisemesha. Anthony ameshapata Landrova ya wamisionari itakayotufikisha mtoni. Baada ya mto ni miguu.

Sila naye amekaa pembeni yangu, mikono katikati ya magoti, ananiuliza, "Sasa, mama?"

Namwambia hivi: sasa sikiliza. Fungua injini hiyo leo, rubani akiwa amesimama anaona, na hiyo sahani isiingie mfukoni mwako wala mikononi mwa Optatus; ikae mezani kwa Erick mpaka mkaguzi aione, kisha ikatwe vipande na watu wahesabu vipande. Halafu chukua karatasi, umwandikie mkaguzi. Usianze na Optatus. Andika kwamba ilikuwa Pasaka, kwamba ulijua amri, kwamba mama yako Paskazia wa Hombolo alikwambia usiikate nawe ukatii, na ukaandika kitabuni kwamba imekatwa. Ukimaliza saini, niletee nami nisaini, kabla ya Landrova kufika. Yasinta, inuka juu ya hilo sanduku ulifunge kamba. Upande mmoja utashika wewe, wa pili nitashika mimi.